Sikiliza Kwanza, Ndipo Ufute

Siku hizi vijana wanamtafuta muzee wa kaseti, na yeye mwenyewe haelewi vizuri wanataka nini. Wanakuja na simu zilizojaa nyimbo, wanasimama mbele ya kibanda chake cha mbao pale Birere mjini Goma, wanaomba kaseti. Msichana mmoja alitaka ile ya kwaya ambayo mama yake aliimba kabla ya kuolewa. Nyimbo zenyewe alikuwa nazo tayari katika simu. Alimchezea muzee mbili pale pale ili ajue anataka ipi.

“Uko na redio ya kaseti?” muzee akamwuliza.

“Hapana, papa.”

“Jirani yako iko nayo?”

“Hapana.”

“Sasa utaisikilizia wapi?”

“Nitaishika tu.”

Muzee alikisimulia kisa hicho mwezi mzima. Alimwita kila aliyepita, hata wabeba mizigo wa chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali, waliokuwa na haraka ya kufika sokoni: “Njoo usikie! Mutoto amenunua kaseti ya kushika!” Alicheka mpaka miwani ikamteleza puani. Lakini mimi niliona kwamba tangu siku ile aliacha kuziweka kaseti zake ndani ya makartoni chini ya meza. Alizifuta vumbi moja moja na kuzipanga juu ya ubao wa mbele, migongo ikitazama barabara, kama alivyofanya zamani.

Mimi nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, hatua chache kutoka kwake. Kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona kwa macho, na yale ambayo sikuyaona nimeyasikia kutoka kwake mara nyingi, kila mara yakiwa yameongezeka kidogo.

Ni mtu mfupi, mwenye vidole virefu kuliko mwili wake. Kucha ya kidole kidogo cha mkono wa kulia huiacha ikue, na hiyo ndiyo anayotumia kuvuta mkanda uliokwama ndani ya redio. Mke wake alimwambia akate, akakataa. Alisema hiyo si kucha, ni kifaa cha kazi. Vichwa vya redio huvisafisha kwa pamba na marashi, kwa sababu anasema spiriti ya duka la dawa imechanganywa na maji. Ndiyo maana kibanda chake kinanukia kama bibi harusi, na wanaume wanaopita humtania: “Papa, leo unaolewa na nani?” Yeye hujibu bila kuinua kichwa: “Na mama yako, kama amemaliza kupika.”

Jamaa zake walitoka Maniema na biashara, na kusali anasali, Ijumaa hutamkuta. Lakini hakuna Mkristo katika mtaa wetu anayejua kwaya za makanisa kama yeye. Kwa miaka mingi ndiye aliyezirekodi, kwa Wakatoliki na Waprotestanti, akikaa nyuma kabisa na mashine yake magotini. Anajua ni kwaya gani iliyopoteza sauti ya tatu kwa sababu ya ndoa, na ipi iliyogombana kwa ajili ya vitambaa vya sare. Nilimsikia siku moja akimsahihisha mwalimu wa kwaya pale barabarani. “Pale kwenye aleluya ya pili munaingiaka mapema,” alisema. “Tangu zamani. Nilinyamaza kwa heshima.”

Kazi yake nyingine ilikuwa barua za sauti. Wenye umri wangu wanakumbuka. Mtu aliyekuwa na ndugu Masisi au Walikale au Kisangani, na ndugu huyo hajui kusoma, alikuja kwa muzee, akaketi kwenye kiti cha chuma, akasema salamu zake ndani ya kaseti, na dereva wa lori akaipeleka. Wanawake walianza kulia kabla ya kifungo kubonyezwa. Wanaume walipiga kelele, kana kwamba ni lazima Masisi isikie yenyewe, bila kaseti. Muzee aliwazuia kwa mkono: “Polepole, papa. Ndugu yako iko hapa, anakula pamoja na weye. Mutu anapigiaka kelele mwenye wanakula naye?” Wengine wakitulia hivyo, walisahau kabisa walichotaka kusema, wakabaki kuomba chumvi.

Kaseti tupu hazikuwa rahisi kupatikana, basi watu walikuja na za zamani ili warekodi juu yake. Hapo ndipo muzee alipokuwa na sheria, na sheria yenyewe ilikuwa hii: husemi neno jipya mpaka umesikiliza la zamani, lote, tangu mwanzo mpaka mwisho. “Sikiliza kwanza, ndipo ufute.” Si yeye asikilize, ni wewe mwenyewe. Aliichomeka, akakupa kiti, akaendelea na kazi yake. Kama una haraka, nenda nyumbani usikilize huko, urudi kesho.

Watu walimchukia kwa hilo. Mchungaji mmoja alileta mahubiri yake ya zamani ili arekodi mapya, akaketishwa, na kabla ya kufika nusu akalala usingizi juu ya mahubiri yake mwenyewe. Muzee hakumwamsha. Kaseti ilipokwisha alimgusa bega na kumwuliza, kwa adabu kabisa: “Tufute?” Mwanamume mwingine alikuja na kaseti ya harusi yake, mke amemkimbia, anataka ifutwe yote. Alisikiliza ngoma, akasikiliza wazee wakijadili mahari, akasikiliza shangazi yake marehemu akipiga vigelegele. Mwishoni aliichukua kaseti yake akaondoka bila kuifuta. Muzee anasema mke alirudi. Mimi sina hakika. Muzee hupenda wake warudi.

Hata wenye bunduki walipita chini ya sheria hiyo. Katika Goma tumeona waasi wengi wakiingia na kutoka, na watu huzihesabu vita kwa majina ya makundi. Muzee huzihesabu kwa redio walizomchukulia: vita ya redio nyekundu, vita ya redio ya milango miwili, vita ya ile ndogo ambayo hata haikuwa nzima. Katika vita ya redio nyekundu, vijana wanne wa msituni walikuja wakataka warekodiwe wakiimba. Walibeba kaseti ya kwaya waliyoitoa wanakojua wenyewe. Muzee akawaambia sheria. Mimi nilikuwa pale pale na beseni langu la samaki. Mkubwa wao akamtazama, kisha akaketi. Wakasikiliza wote wanne, bunduki juu ya mapaja, na ulipofika wimbo wa tatu mmoja wao alikuwa anaimba pamoja na kaseti, sauti ya pili, na maneno yote anayajua. Waliondoka bila kurekodi. Redio waliichukua, lakini kaseti ile wakaiacha mezani.

Msifikiri ni mtakatifu. Ana simu mbili, na anazisema vibaya zote mbili. Watu wakimtumia ujumbe wa sauti, yeye anayewalazimisha wengine wasikilize mpaka mwisho, husikia maneno matatu akafunga. “Nimeelewa,” husema. Mara nyingine hajaelewa kitu. Binti yake wa Kisangani alimtangazia kuzaliwa kwa mjukuu kwa njia hiyo, na yeye akajibu kwamba bei ni nzuri, anunue. Tena ana wivu. Kulipofunguliwa duka la kuhamisha muziki kwenye simu ng’ambo ya barabara, alikataa kununua sambaza kwangu wiki nzima kwa sababu nilimwuzia mwenye duka lile.

Na kuna jambo la volkano. Mlima ulipopasuka ile mara ya kwanza tunayoikumbuka sisi, moto ukashuka katikati ya mji mpaka ziwani, watu walikimbia na magodoro na sufuria. Muzee alikodi chukudu akapakia kaseti za watu: barua za sauti ambazo zilikuwa bado hazijapata lori, na kwaya ambazo hazijalipwa. Akavuka nazo hadi Gisenyi, upande wa Rwanda. Kaseti ya harusi yake mwenyewe ilibaki ndani ya nyumba. Mke wake hajamaliza kumkumbusha. Yeye husema: “Za watu ni amana. Yetu tulikuwapo, tunaikumbuka.” Mke husema: “Weye unakumbuka vibaya.”

Sasa nifike kwangu, kwa sababu bila hilo nisingeandika habari za mtu huyu.

Baba yetu alikuwa dereva wa lori. Wakati mmoja barabara ilikatwa na vita akiwa Walikale, akamtumia mama kaseti. Ilitufikia, yeye mwenyewe hakurudi. Mama alikuwa akiisikiliza jioni, mpaka siku betri zilipokwisha nguvu, na kabla hajapata nyingine akaugua. Alipokufa niliacha shule, sekondari ya pili. Nilikuwa na Bahati, mdogo wangu wa kiume, na Furaha, mdogo wetu wa kike, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Mwaka uliofuata volkano ikachukua nyumba. Nilipokimbia nilimbeba Furaha mgongoni na kaseti ya baba ndani ya sidiria.

Tuliporudi tuliishi chini ya hema la plastiki juu ya jiwe jeusi ambalo lilikuwa bado lina joto. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nikafikiri siku kadhaa, kisha nikaenda kwa muzee, ambaye alikuwa ameshapiga misumari ya kibanda kipya. Nilitaka kumtumia shangazi, dada ya baba, barua ya sauti huko Rutshuru. Lakini kaseti tupu haikuwapo hata moja mjini. Maduka yote yaliyoziuza yalikuwa yameungua. Nikatoa ya baba.

“Umesikiliza?” muzee akauliza.

“Ndiyo, papa.”

“Yote?”

“Yote.”

Nilimdanganya. Sikuweza kuisikia sauti ile, si siku ile. Muzee aliinua kaseti kwenye mwanga, akaitazama kwenye kidirisha chake, akanitazama mimi na Furaha aliyekuwa amelala mgongoni. Nilingoja anikatalie. Hakukataa. Aliichomeka, akabonyeza, nikasema niliyoyasema. Alimpa dereva kaseti ile siku ile ile.

Niliyoyasema yalikuwa haya: shangazi aje amchukue Furaha, kwa sababu mimi siwezi.

Baada ya wiki kadhaa dereva alikuja na gunia la maharagwe, akasema ametumwa na shangazi amchukue mtoto. Nilimwaga maharagwe, nikamrudishia gunia, nikamwambia Furaha ana homa, aje siku nyingine. Hakuwa na homa. Hakuja tena, na mimi sikumwambia mtu yeyote neno hilo. Bahati akakua, akawa fundi wa simu. Furaha akasoma mpaka akamaliza, leo anafundisha watoto wadogo shule moja ya Keshero. Wote wawili, wakinitambulisha kwa wageni, husema: “Huyu ndiye yaya, dada yetu mkubwa, hajatuacha hata siku moja.” Nami hutazama chini, na wageni hudhani ni unyenyekevu.

Vita iliporudi tena upande wa Rutshuru, shangazi alikimbia. Alipita Kibumba, akalala Kibati, akatufikia na blanketi, sufuria moja, na mfuko wa nailoni uliofungwa kwa uzi. Bahati akaufungua. Ndani mlikuwa na kaseti. Juu ya karatasi yake kulikuwa na mwandiko wa baba.

“Yaya! Ni ya papa! Ni sauti ya papa!”

Furaha hakuwa na kumbukumbu yoyote ya sauti ya baba. Aliishika kaseti kwa mikono miwili, akaigeuza, akainusa. Bahati alikuwa anaruka kama mtoto, anasema ataitia katika simu zetu zote, atamtumia kila mtu wa ukoo. Shangazi aliniangalia tu. “Isikilizeni,” alisema, akaenda kulala.

Niliwaambia nitaipeleka kwa muzee aikague kwanza, maana mkanda wa zamani huweza kukatika. Waliniamini. Waliniamini sikuzote.

Nilimkuta anasafisha redio. Nikaiweka kaseti mezani na kumwambia moja kwa moja: “Papa, naomba uwaambie imeoza.”

Aliitazama. Aliijua. Sijui kaseti ngapi zimepita mikononi mwake, lakini aliijua.

“Unataka miye niseme uongo juu ya kaseti.”

“Papa, baba hayumo tena. Nilimfuta. Iliyomo ni sauti yangu, na ninayoyasema mule Furaha hapaswi kuyasikia.”

“Ulinidanganyaka mara moja juu ya hii hii,” alisema. “Imetosha.”

“Ulijua?”

“Mutoto, mwenye kusikiliza yote, mkanda wake unabakia upande mumoja. Wako ulikuwa katikati. Mutu alikuwa amesikiliza nusu, akaacha.”

“Ni mama,” nikasema. “Betri zilikwisha.”

Muzee akaanza kuipangusa kaseti kwa pamba, polepole, kona zake zote.

“Kwa nini hukunikatalia?”

“Ulikuwa na mutoto mugongoni, na hamukuwa na nyumba. Sheria yangu ni ya watu wenye kuwa na nyumba.” Akavaa miwani vizuri. “Lakini sikurudisha mkanda nyuma. Nilikurekodi pale pale mama yako alipoachia. Weye ulisema dakika tatu, ine. Baba yako iko mbele yako, na iko nyuma yako.”

Nilikaa kwenye kiti cha chuma. Miaka yote ile nilijihesabu kuwa mtu aliyeifuta sauti ya baba yake.

“Nichezee mimi peke yangu,” nikamwomba.

“Hapana. Walete.”

“Papa, watanisikia ninamtoa mtoto.”

“Watasikia. Walete.”

Tulikwenda Jumapili mchana, mimi, Bahati na Furaha. Njia nzima kutoka Keshero nilitaka kusema kitu, na kila nilipofungua mdomo Furaha alikuwa ananiuliza baba alikuwa na sauti nzito au nyembamba. Muzee alikuwa amefagia. Aliweka viti vitatu, akachomeka kaseti, akarudisha mkanda mpaka mwanzo, akabonyeza. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya: alitoka nje, akavuta mlango nusu, akasimama barabarani ametugeuzia mgongo. Nilimsikia akimwambia mteja: “Rudi kesho. Ndani kuna jamaa.”

Baba alikohoa. Akasema yuko Walikale, mvua ni nyingi, lori limezama mpaka milangoni, wenyeji wanamlisha mihogo mpaka anaota mihogo. Bahati alicheka huku machozi yanashuka. Furaha alikuwa ameinamisha sikio karibu kabisa na redio. Baba akafika habari za sufuria: kama fedha zitapungua, mama auze ile ndogo, asiuze kubwa, kwa sababu kubwa ni ya—

Kitu kikalia ndani ya redio, tak, na msichana akaanza kusema kwa sauti nyembamba, ya kukimbia.

“Shangazi, ni miye. Nyumba imeungua. Bahati ananisaidia kuchota maji. Lakini Furaha, njoo umuchukue. Analia usiku, na anakula sana. Anakula yake, anakula na yangu. Miye sitaweza, shangazi. Njoo umuchukue mbio, kabla sijamuzoea.”

Nilitazama sakafu. Msichana aliendelea kidogo, akatoa salamu, akanyamaza. Tak. Na baba akarudi, bado yuko kwenye sufuria, anaeleza kwamba hiyo kubwa alipewa na mama mkwe na hataki maneno. Akaaga kila mtu kwa jina, na la Furaha akalisema mara mbili. Mkanda ukaisha, redio ikajizima yenyewe.

Bahati aliangalia mikono yake. Mimi nilijiandaa kusema habari za dereva, za gunia, za homa ya uongo, lakini hata mwenyewe niliona ni utetezi tu.

Furaha ndiye aliyeanza.

“Nilikuwa ninakula nini?”

“Biskuti za msaada,” nikasema. “Na uji.”

“Yako na yangu?”

“Yako na yangu.”

“Na shangazi hakukuja?”

“Alituma mtu akuchukue. Nikamfukuza.”

“Kwa nini?”

“Nilikuwa nimeshakuzoea.”

Muzee alikuwa ameingia tena, anajifanya anatafuta pamba. Bahati alifuta macho, akainua simu yake. Alikuwa ameirekodi yote. “Nitawatumia sasa hivi,” alisema, “na kaseti nitaiweka miye, ndiyo mwanamume.” Akanyoosha mkono.

Furaha alifika kwanza. Aliitoa redioni, akaifunga katika kitambaa chake cha kichwa.

“Ni miye mwenye yaya alitakaka kutoa. Kaseti ni yangu.”

“Papa, sema kitu!” Bahati akamlalamikia muzee.

“Miye ninarekodiaka tu,” muzee akasema.

Furaha akasimama, akaivuta kanga yangu begani kama alivyofanya akiwa mdogo.

“Yaya, twende nyumbani. Niko na njaa.”